Gemu ya Kriketi: Maswali Ninayoulizwa Kila Siku Chumbani Kwangu, Malindi

Chumba changu cha gemu kiko Malindi, upande wa Maweni, na kina televisheni nne. Tatu zinacheza soka tangu asubuhi mpaka baada ya isha. Ya nne, ile ya pembeni karibu na feni, ni ya kriketi. Ina miaka sita pale na sijaiondoa hata siku ambazo wateja wa soka hujaa mpaka wakasimama mlangoni. Anayeingia kwa mara ya kwanza huitazama dakika mbili tatu, kisha huanza kuniuliza. Maswali karibu ni yale yale, kwa hivyo nimeyaandika hapa na majibu yake: yanayonifanya niupende mchezo huu, na yanayoniudhi.

Ami, lazima niijue kriketi kwanza?

Hapana. Jua hivi tu: timu ina watu 11. Mmoja wa timu hii anarusha, mmoja wa timu ile anapiga, na nyuma ya mpigaji kuna vigingi vitatu vimesimama. Mpigaji analinda vigingi na papo hapo anatafuta mikimbio, yaani alama za kukimbia kutoka vigingi hivi hadi vile vya upande wa pili. Mpira ukigonga vigingi, ametoka. Akiupiga ukadakwa kabla ya kugusa chini, ametoka. Ukifika mpakani kwa kubingirika ni nne, ukivuka mpaka bila kudunda ni sita. Mipira 6 ni ova moja. Wakitoka watu 10 zamu imekwisha, na wenzao wanaingia kufukuzia idadi ile. Njoo na hayo, yanatosha kukukalisha kitini. Mengine, kama mguu kuziba njia ya vigingi, utayaelewa siku utakapotolewa kwayo.

Kwani soka ina kasoro gani?

Haina kasoro, ndiyo inayonilipia kodi ya chumba. Lakini kwenye soka mpira hausimami. Mkono unaamua, akili inafuata nyuma. Kriketi inakupa nafasi. Mrushaji anarudi zake taratibu mpaka alama yake, anageuka, na wewe una sekunde kadhaa za kutazama uwanja: wadakaji wamesimama wapi, pengo liko wapi, huyu anarusha kwa kasi au kwa spini, yaani mpira wa kuzungushwa, nahitaji ngapi na imebaki mipira mingapi. Unaamua. Kisha anakuja mbio, na kila kitu kinakwisha kwa nusu sekunde. Uamuzi ulikuwa wako na matokeo ni yako. Kwangu mimi uzuri wote wa gemu hii umo hapo, na hasira zangu zote, nitakazozieleza mbele, zinatoka pale gemu inaponinyang'anya uamuzi huo.

Usiku mmoja wa Ramadhani, baada ya tarawehe, kijana wa bodaboda alikuwa amebakisha ova moja na anataka mikimbio 9. Kabla ya kila mpira aliilaza pedi ya kuchezea juu ya paja, akafuta kidole gumba kwenye kikoi, akahesabu wadakaji kwa sauti: mmoja kule, wawili kule, huku hakuna mtu. Mipira mitatu ya kwanza alipata moja moja. Wa nne ukaja mfupi, akageuka akaupiga kule kule aliposema hakuna mtu. Nne. Waliokuwa wakicheza soka wakasimamisha mechi zao wakageuza shingo. Wa tano ulimpita bila kuugusa. Wa sita aliusukuma polepole kwenye pengo, akakimbia mbili. Sijaona mtu akishangilia mpira uliokwenda taratibu vile kama alivyoshangilia yule kijana.

Nianze na gemu ipi?

Inategemea una chombo gani. Kama una kompyuta kuukuu, Cricket 07 ya EA Sports bado inacheza vizuri. Ilitoka mwishoni mwa 2006, ndiyo ya mwisho katika mfululizo wao wa kriketi, na hata leo wapenzi wake wanaendelea kuitengenezea vikosi vipya na jezi mpya bila malipo. Picha zake zimezeeka lakini mkono wake ni mwepesi, na kwa anayeanza huo ndio muhimu.

Mwaka 2014 ilikuja Don Bradman Cricket 14, kazi ya Big Ant Studios wa Melbourne, Australia. Kwangu hiyo ndiyo iliyofungua ukurasa mpya. Kijiti cha kushoto cha pedi kinaongoza miguu ya mpigaji, cha kulia kinaongoza bati, lile gongo la kupigia, na hakuna alama iliyochorwa chini kukuonyesha mapema mpira utaangukia wapi. Lazima uusome mkononi mwa mrushaji. Pia unaweza kumtengeneza mchezaji wako kijana ukamlea mpaka timu ya taifa. Kampuni hiyo hiyo ikaendelea na Don Bradman Cricket 17, Ashes Cricket ya 2017, Cricket 19, Cricket 22 na Cricket 24. Ukitaka kununua yoyote kati ya hizo, tafuta kwanza ya zamani kidogo iliyokwisha kurekebishwa. Mpya kabisa subiri miezi, apdeti zije. Novemba 2013 iliwahi kutolewa gemu nyingine ya Ashes, yaani mashindano ya Uingereza na Australia, kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, na ikaondolewa sokoni siku chache baadaye kwa jinsi ilivyokuwa na hitilafu, walionunua wakarudishiwa pesa zao. Kuharakia si kuzuri katika fani hii.

Mbona natolewa mpira wa kwanza kila mara?

Hili ndilo swali kubwa, nalo ndilo linalowakimbiza wengi wakarudi soka siku ile ile. Unatolewa kwa sababu unapiga mpira ambao hujauona. Umezoea kwamba ukibonyeza kitu kinatokea. Hapa, ukibonyeza mapema mpira unagusa ukingo wa bati na kwenda mikononi mwa aliyesimama nyuma. Ukibonyeza kwa kuchelewa vigingi vinaruka.

Dawa ninayoitoa ni hii, na nimeitumia kwa watoto wa darasa la sita na kwa watu wazima. Cheza ova mbili nzima bila kupiga. Ilaze pedi mapajani. Kila mpira unapotoka mkononi mwa mrushaji, sema kwa sauti: mfupi, mrefu, au miguuni. Mfupi unadunda mbali na wewe na kupanda kifuani. Mrefu unadunda karibu na bati. Wa miguuni unadunda pale unaposimama na ndio mgumu kuliko yote. Utatolewa, na acha utolewe. Ova ya tatu, sasa chukua pedi, lakini usitafute mikimbio. Zuia tu. Mrefu, peleka mguu mbele na kijiti mbele. Mfupi, rudisha mguu nyuma. Ukiweza kuzuia mipira 12 bila kutolewa, wewe ni mpigaji. Nne na sita zitakuja zenyewe, kwa sababu macho tayari yanajua.

Binti mmoja wa jirani alikaa siku tatu na zoezi hili. Siku ya kwanza alikuwa anasema "mfupi" mpira ukiwa umeshampita. Siku ya tatu alikuwa anasema kabla haujadunda, na mguu wake wa kwenye skrini ulishaanza kwenda. Nilimwona akishtuka mwenyewe.

Na usione haya kutoka na sufuri. Don Bradman, Mwaustralia ambaye wengi wanamhesabu kuwa mpigaji bora kuliko wote, aliingia zamu yake ya mwisho ya Test, ile mechi ndefu ya siku kadhaa, mjini London mwaka 1948 akihitaji mikimbio 4 tu ili wastani wake ufike 100. Eric Hollies alimtoa na sufuri kwa mpira wa pili. Wastani ukabaki 99.94 mpaka leo.

Nikishajua kupiga sita, mbona zinadakwa?

Kwa sababu unapiga sita kila mpira. Katika ova 6 za kwanza za mechi ya T20, yaani ya ova 20 kila upande, wadakaji wawili tu ndio wanaoruhusiwa kusimama nje ya duara lililochorwa uwanjani. Wakati huo mpira wa juu una mahali pa kuangukia. Baada ya hapo wanaruhusiwa watano, na ule ule uliokuwa nne sasa unamkuta mtu amesimama anausubiri. Tazama ramani ndogo ya uwanja kabla ya kila mpira. Wengi wana mwezi mzima wanacheza na hawajawahi kuitazama.

Kurusha si kunachosha?

Wanaosema hivyo ni wanaobonyeza ili zamu ipite. Mimi napenda kurusha kuliko kupiga. Unachagua aina ya mpira na urefu wake, unaanza mbio, na unaachia kwa kijiti wakati hasa mguu unapotua. Ukichelewa mguu unavuka mstari, mpira ni batili, mwenzako anapewa mkimbio wa bure, na kwenye mechi za T20 na za siku moja mpira unaofuata hawezi kutolewa kwa kudakwa wala kwa vigingi.

Utamu uko kwenye kutega. Mrushie mipira mitatu inayompita nje, ipinde ikienda mbali naye. Atazoea kupeleka bati kule. Wa nne uanzie pale pale lakini upinde uingie ndani. Nimewatoa watu kwa mtego huu huu mara nyingi na bado unafanya kazi, kwa sababu mkono hukumbuka alichokiona mara tatu. Na kwenye Test, ikifika siku ya nne na ya tano, ardhi inakauka na kupasuka, spini inaanza kuuma. Mrushaji uliyekuwa humwamini siku ya kwanza sasa ndiye unayempa mpira. Gemu inayojua kuonyesha jambo hilo imetengenezwa na watu wanaoipenda kriketi.

Haya, sema ukweli: nini kinakuudhi?

Wadakaji. Nimerusha mpira mzuri, mwenzangu ameukosea, umepanda juu, na mdakaji wangu yuko chini yake. Kisha anasimama. Gemu imeshaamua kwamba atacheza mwendo fulani uliorekodiwa, na mwendo huo hauhusiani na mpira ulipo. Mpira unatua hatua moja mbele yake, yeye anainama mahali ambapo haupo. Au kinyume chake: nimepiga vizuri, mpira umeshampita mtu, halafu anarudishwa nyuma kwa ghafla na uko mkononi mwake. Hapo ndipo ninaposema nimenyang'anywa. Kama nimekosea, nitoe. Lakini usinitoe kwa kosa ambalo halikufanyika.

La pili ni mbio kati ya vigingi. Kamera inageuka wakati ninataka kujua mdakaji ameshika au hajashika. Namwambia mtu wangu arudi, anamaliza hatua zake kwanza ndipo ageuke, na kufikia hapo vigingi vimevunjwa. Nilipoteza mechi nzima ya ova 20 hivyo, mpira wa mwisho, mikimbio ikiwa sawa. Niliizima televisheni nikatoka nje nikakaa barazani mpaka jasho likakauka.

La tatu ni kompyuta ikiwa mpinzani. Kiwango rahisi, anapiga mpira wowote moja kwa moja mkononi mwa mtu. Kiwango kigumu, mpira ule ule uliomtesa ova nzima anauinua sita kana kwamba aliujua kabla. Hakuna mpinzani wa katikati anayefikiri kama binadamu. Na watangazaji, mpaka ova ya kumi wamekwisha maneno, wanarudia sentensi zile zile.

Najua kwa nini ni vigumu. Mpira wa kriketi unaweza kupigwa kuelekea pande zote za uwanja, na watu 11 kila mmoja anatakiwa aamue kwa wakati mmoja aende wapi. Nao wanaotengeneza gemu hizi kwenye mashine kubwa ni wachache sana ukilinganisha na soka. Najua, na bado inauma, kwa sababu sehemu ile ya mrushaji na mpigaji imefanywa kwa ustadi. Unaona kabisa kilichowezekana.

Timu ya Kenya imo?

Usitarajie kuikuta na majina na jezi zake rasmi. Gemu hizi hulipia haki za majina nchi kwa nchi, na Kenya ilipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja mwaka 2014. Ila tangu Don Bradman Cricket 14 kuna sehemu ya kutengeneza wachezaji na timu na kuwashirikisha wengine. Mimi nimetengeneza yangu. Jioni tatu zilikwisha kwenye nyuso tu.

Nilifanya hivyo kwa sababu vijana wengi hapa hawajui tulifika wapi. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, Kenya ilipata mikimbio 166 tu, kisha ikaitoa West Indies yote kwa 93, na Brian Lara, mpigaji wao maarufu, akiwamo. Maurice Odumbe alichukua wiketi 3 kwa mikimbio 15, yaani alitoa watu 3 na kupigwa mikimbio 15 tu. Mwaka 2003, Nairobi, tuliishinda Sri Lanka kwa mikimbio 53, Collins Obuya akichukua wiketi 5 kwa 24, na timu ya nahodha Steve Tikolo ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia. India ndiyo iliyotusimamisha, kule Durban. Nikiwasimulia haya, kijana anayekaa na timu ya Kenya kwenye skrini anashika pedi kwa namna nyingine.

Lakini huu si mchezo wa Wahindi na Waingereza? Sisi unatuhusu nini?

Ni kweli haukupandwa hapa na watalii. Wageni wetu wengi Malindi ni Waitalia, si Wahindi wala Waingereza. Lakini India si ugenini kwa mtu wa pwani. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipata nahodha wa kumwongoza hapa hapa Malindi, akaondoka Aprili, na Mei yuko Calicut. Njia hiyo wenyeji walikuwa wameizoea kabla yake. Na 1996 na 2003 zinatuhusu kama Wakenya, hazihitaji ruhusa ya mtu.

Nyumbani napiga vizuri, kwa rafiki yangu nakosea kila kitu. Kwa nini?

Televisheni. Baadhi huchelewesha picha kwa sababu zinaipamba kwanza. Piga hesabu: mpira wa kilomita 140 kwa saa unaupita uwanja wa katikati, mita 20 hivi, kwa nusu sekunde. Televisheni ikichelewa sehemu ya kumi ya sekunde, imekula moja ya tano ya muda wako wote. Kwenye soka hutaona tofauti kubwa, kwenye kriketi ndiyo kufa na kupona. Ingia kwenye menyu ya picha, tafuta hali ya gemu, iwashe, na zima mapambo mengine. Nilikaa miezi kadhaa nikilaumu vidole vyangu kabla mteja mmoja hajanionyesha.

Stima zikikatika katikati ya mechi?

Soka unapoteza dakika kumi. Kriketi unaweza kupoteza jioni. Nilikuwa na kijana aliyefika mikimbio 87 katika Test, amezuia na kuchagua mipira kwa karibu saa mbili, kiza kikaingia. Ziliporudi, alikuwa na 31, mahali gemu ilipohifadhi mara ya mwisho. Hakusema neno, aliweka pedi juu ya meza akaenda. Siku hizi sheria ya chumba ni kuhifadhi kila baada ya ova tano, na nimenunua betri ya kutupa dakika chache. Wakati wa kaskazi, joto likizidi na feni zote zikizunguka, hifadhi kila ova mbili.

Mechi moja ni muda gani?

Kwa saa yangu, ova moja ni kama dakika mbili na nusu ukiruka marudio. Mechi ya ova 5 kila upande ni dakika 25, nayo ndiyo ninayoipendekeza kwa wanaolipia. T20 kamili ni zaidi ya saa moja na nusu. Test ya siku tano yenye ova 90 kwa siku, icheze kwako, kidogo kidogo, wiki kadhaa.

Simu haitoshi?

Kwa kuanzia inatosha. World Cricket Championship ya Nextwave wa Chennai na Real Cricket ya Nautilus Mobile zinapatikana bure na hazitaki simu ya gharama. Ila kidole kinaziba skrini pale pale mpira unapotokea, na matangazo yanakatiza. Kusoma mrushaji hutajifunza vizuri humo.

Wasichana nao wanacheza?

Wanacheza. Ashes Cricket ya 2017 ilikuwa na timu za wanawake za Australia na Uingereza, na zilizofuata zimeendelea hivyo. Binti niliyemtaja juu ndiye mtu mgumu zaidi kumtoa hapa chumbani kwangu.

Mimi ni mzazi. Mwanangu anapoteza muda huko?

Mama, Baba, nakujibu kwa heshima. Muda wa shule na wa chuo simruhusu mtoto kuingia, hilo ulishike. Ama kuhusu gemu yenyewe, njoo siku moja usimame nyuma ya kiti chake. Utamsikia akisema: nataka 46, zimebaki ova 7, kwa hivyo sita kwa ova na zaidi kidogo, huyu wa spini ana ova moja tu amebakiza, nimsubiri aishe. Hakuna aliyemlazimisha kupiga hesabu hiyo. Na atakapotolewa, mwangalie uso. Kwenye kriketi ukishatoka umetoka. Anajifunza kukaa na hilo huku mwenzake akiendelea.

Nije saa ngapi?

Alasiri, kabla vijana wa soka hawajatoka uwanjani, televisheni ya nne huwa wazi. Chukua pedi nyeusi. Ile ya bluu kijiti chake cha kulia kimelegea, na hicho ndicho bati lako.